Kumjulia Hali Transfoma

Nilipokabidhiwa unywele wa kioo, niliambiwa ni kazi ya utulivu. "Ni kazi ya kukaa kwa kiti, madam," mkubwa wetu wa kituo alisema, nami nikamwamini, kwa sababu nilikuwa nimechoka kupanda nguzo, na mtu aliyechoka huamini chochote kinachotaja kiti. Kiti chenyewe kilikuwa na miguu mitatu na tofali.

Kituo chetu cha umeme sitakitaja. Kiko pembeni mwa mji wa Kakamega, ukitoka Amalemba unapitia shamba la miwa lililosahauliwa, halafu unaona ua wa waya, na ndani yake transfoma kubwa kuliko chumba nilichokuwa nimepanga wakati huo. Transfoma hiyo ilikuwa na umri wangu. Ilinguruma mchana kutwa, na watu wa mtaa ule walikuwa wameizoea hata wakawa hawaisikii tena.

Ndani, transfoma imejaa mafuta. Waya ukilegea mahali, ukaanza kuchoma mafuta hayo pole pole, hutokea gesi, na gesi inayojitokeza mapema kabisa ni hidrojeni. Desturi ni kuchota mafuta kidogo kwa bomba la sindano, kuyapeleka maabara Nairobi, na kungoja. Sasa tulikuwa tumeletewa kifaa kipya cha kujaribu: uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, ambao ncha yake imepakwa madini yanayovimba yakikutana na hidrojeni hata ikiwa kidogo sana. Unaizamisha ncha hiyo ndani ya mafuta, bila hofu, maana kioo hakibebi umeme. Unatuma mwanga ndani ya uzi. Madini yakivimba yanauvuta uzi, na mwanga unarudi umebadilika. Kijisanduku kinausoma huo mwanga na kukuonyesha namba mbili: ya juu ni hidrojeni, ya chini ni joto la mafuta. Basi. Nimelieleza jambo hili mara nyingi mno, kwa watu wengi mno, kupitia ua wa waya, nikiwa nimeshika kikombe cha uji ambacho sikukiomba.

Aliyeanzisha mambo ya uji ni jirani yetu mmoja mama, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mtaa ule. Kila mtu alimwita mwenyekiti, hata watoto wake. Shamba lake lilipakana na ua wetu kabisa, na kijisanduku changu kilikuwa kimetundikwa kwenye kibanda cha mabati kilichoegemea ua upande wake, kwa kuwa mkubwa alikataa kikae ofisini. Alisema taa yake inayowakawaka ingempandisha presha.

Mwenyekiti alikuwa na inkubeta, ile mashine ya umeme ya kuangulia mayai, na inkubeta hiyo ilikaa chumbani kwake, karibu na kitanda, mahali pa heshima. Kabla sijahamishiwa kituo hicho, umeme ulikuwa umepotea siku nzima na mayai yake yote yakafa. Aliyatia kwenye beseni, akaja nayo hadi lango letu, akasimama hapo bila kusema neno. Alisimama mpaka mkubwa akatoroka kwa lango la nyuma. Safari hii alikuwa amewabembeleza wanachama wake, kila mmoja akaleta mayai ya kuku wake bora, akayatia alama ya mkaa ili ayajue. Sasa inkubeta ilikuwa imejaa mayai ya mtaa mzima. Aliniambia mwenyewe, bila kuficha, kwamba haya nayo yakiharibika, uenyekiti umekwisha, na hataweza kupita njia ile ya kanisani akiwa ameinua uso.

Kwa hiyo aliponiona nimekodolea macho kijisanduku, alikuja kwenye waya.

"Mulembe, mukhana. Hiyo kitu inakuambia nini?"

Mulembe ni salamu, mukhana ni msichana. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, lakini nikamweleza tu. Nikamwambia unywele umeonyesha hidrojeni kidogo kuliko inavyotakiwa kuwa nyingi, kisha nikaona nimejichanganya, nikamwambia tu kwamba transfoma ina gesi.

"Kwa hivyo iko mgonjwa."

"Tuseme ni mgonjwa, mama."

"Na gesi ikizidi?"

"Tutaizima."

Alinitazama, akatazama nyumba yake, akaondoka bila kuaga. Asubuhi yake nilipofika kazini nilikuta wanawake sita wamekaa kwenye nyasi nje ya ua, na birika la uji, na viazi vitamu vimefunikwa kwa jani la mgomba.

Kwetu mtu akiugua hangojwi apone ndipo aamkiwe. Unaenda kumwona. Huendi mikono mitupu. Unakaa, unauliza ameamkaje, unatoa ushauri ambao hukuombwa, unakula kidogo, unaondoka. Mimi ni mtu wa Matete, desturi hiyo naijua na nimeifuata, lakini nimeifuata kwa watu wenye damu.

"Ameamkaje?" mwenyekiti akauliza.

Nilikasirika. Mimi hukasirika upesi, mama yangu husema nilizaliwa nikiwa nimekunja uso. "Mama, hii ni mashine!"

"Tunajua ni mashine. Kwani nimesema ni shemeji yangu?" Akanimiminia uji. "Inatupatianga stima miaka yote. Sasa siku inaumwa tukae tu kwa nyumba kama watu hawana adabu?"

Nikaupokea. Uji ulikuwa wa wimbi, wa moto, wenye ndimu. Nikaenda kibandani nikasoma namba. Nikarudi nikawaambia imepanda kidogo tangu jana. "Woi!" wakasema wote pamoja, na mmoja akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa presha ya mama mkwe.

Kuanzia siku hiyo nikawa nesi. Kila asubuhi walikuwapo, wengine walewale, wengine wapya. Mzee mmoja aliyestaafu kiwanda cha sukari alitushauri tuipige transfoma nyundo mara mbili ubavuni, kwa kuwa boila ya kiwandani kwao ilikuwa ikitulia hivyo. Bibi mwingine aliulizia chakula cha mgonjwa, akasema kama ni gesi basi kuna maharagwe mahali. Kuna aliyeushangaa unywele. "Mmetia nywele ndani yake makusudi? Na ikipatikana kwa obusuma si mtu anasukuma sahani?" Obusuma ni ugali. Nikawaeleza tena juu ya kioo na madini na mwanga. Walisikiliza kwa adabu, wakauliza maswali mazuri kuliko yale niliyoulizwa nikienda kuchukua cheti, halafu wakarudi kwenye maharagwe.

Mkubwa naye, aliyekuwa ameukataa unywele, alivipenda sana vyakula ulivyotuletea. Alikuwa akitoka ofisini saa ya viazi tu, anafuta mikono kwenye suruali, anasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," anachukua kiazi kikubwa. Soja wa langoni aliacha kubeba chakula kutoka nyumbani. Mimi peke yangu ndiye niliyekonda, kwa sababu namba ya juu ilikuwa inapanda kila siku na hakuna aliyetaka kuisikia kikweli.

Nikamwendea mkubwa ofisini. Nikamwambia tuizime, tuitazame ndani.

"Tungoje majibu ya Nairobi," akasema. Mafuta tulikuwa tumeyatuma zamani, na Nairobi ilikuwa kimya.

"Mkubwa, mficha maradhi, kilio humfichua."

"Kilio cha nani? Tukizima stima mayai yakiwa ndani ya ile inkubeta, kilio ni changu." Alitazama dirishani, kuelekea lango la nyuma. "Wewe hukuwa hapa siku ya beseni."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayemwogopa mwenyekiti kuliko anavyoogopa moto, na moto alikuwa hajauona bado.

Namba ilipozidi kupanda, mwenyekiti akaamua kwamba uji hautoshi. Jumapili baada ya kanisa wakaja kuomba. Walikuja na ngoma za isukuti, tatu, ile kubwa, ya kati na ndogo, na sufuria ya ingokho, kuku wa kwetu, na chai ndani ya ndoo yenye kifuniko. Soja hakuwaruhusu kuingia, wala hawakuomba kuingia. Walijipanga kando ya ua, upande wa kibanda changu, maana hapo palikuwa na kivuli. Mkubwa aliitwa kutoka nyumbani, akaja amevaa suti.

Mimi nilisimama kando, mikono kifuani. Nilikuwa nimeazimia kutocheza. Mchungaji hakuwapo, aliongoza mwenyekiti mwenyewe, na aliongoza vizuri, sauti yake ikipanda juu ya ngoma. Mabega yangu yalianza kutikisika yenyewe. Niliyakemea, lakini ni mabega ya Matete, isukuti ikilia hayanisikilizi. Wimbo ulipopamba moto, waliokuwa karibu na kibanda walianza kupiga mabati kwa viganja, wakifuata ngoma, na kibanda kikawa kinaruka pamoja na watu. Nilipiga na mimi. Sikatai.

Walipotulia kupumua, mkubwa akachungulia ndani ya kibanda. Akatoa kichwa nje, macho yamemtoka.

"Sifuri!" akapiga kelele. "Hidrojeni sifuri! Imekwisha yote!"

Sitaweza kuielezea ile shangwe. Vigelegele vilifika barabarani, watu wa bodaboda wakasimama. Bibi wa maharagwe alilala chali kwenye nyasi akainua miguu. Mwenyekiti alifunga macho, akashika waya wa ua kwa mikono miwili, akasema asante, asante, asante, na machozi yakamtoka. Na mimi nilifurahi, kwa dakika moja nilifurahi kabisa, nikaingia kibandani nijionee muujiza.

Namba ya juu: sifuri. Namba ya chini, ile ya joto: sifuri.

"Mkubwa," nikaita. "Njoo usome namba ya pili."

"Ya pili ni ya nini?"

"Joto la mafuta."

"Sifuri. Si ni vizuri? Imepoa."

"Sifuri ni barafu, mkubwa."

Alifikiri. Nje jua la saa nane lilikuwa linawaka, na transfoma ilikuwa inanguruma vilevile, mbavu zake zina moto wa kukausha nguo. Alitazama huko, akatazama kijisanduku, akalegeza tai. Nikapitisha mkono nyuma ya kijisanduku, nikaikuta plagi ya uzi imening'inia hewani. Yale mabati yalikuwa yameitikisa mpaka ikachomoka. Mwanga ulikuwa haurudi, na kijisanduku, kwa upumbavu wa aliyekitengeneza, kisipoona mwanga huandika sifuri badala ya kusema sioni. Nikaifuta plagi kwa kitambaa chake, nikairudisha.

Joto likarudi kwanza. Halafu hidrojeni ikarudi, ikapita ilipokuwa asubuhi, ikapita mstari ambao maagizo ya kifaa yanasema ukifikiwa zima bila kumuuliza mtu. Ikaendelea kupanda tukiitazama.

"Sasa inazimwa," nikasema.

"Inazimwa," mkubwa akakubali, kwa sauti ndogo.

"Nani atamwambia?"

Mkubwa akakumbuka kwamba alikuwa ameacha wali motoni nyumbani. Tangu nimjue, mtu huyo hajawahi kupika hata chai. Alitoka kwa mwendo wa mtu anayewahi wali.

Basi nikaenda mimi. Mwenyekiti alikuwa anagawa ingokho, bakuli kwa bakuli, na aliponiona alinijazia bakuli langu nyama nzuri. Nikamwambia hapo hapo, nikiwa nimelishika bakuli, kwa sababu sijui njia ya kuzunguka. Nikasema haijapona. Nikasema ilikuwa plagi iliyochomoka tulipokuwa tunapiga mabati, na sasa gesi imezidi na lazima tuizime leo.

Ngoma ndogo ilikuwa bado inalia. Mtu akamshika mpigaji mkono.

"Mungu ameponya," mwenyekiti akasema.

"Mama, ilikuwa plagi."

"Wewe mukhana. Unamwita Mungu plagi?"

"Sijamwita Mungu plagi! Nimeiita plagi plagi!" Nilikuwa nimeanza kupiga kelele, mchuzi unanimwagikia kiatuni. "Hii kitu ikipasuka inaungua yote na mafuta yake, na ua ni huu, na nyumba yako ni ile pale! Unataka inkubeta au unataka jivu?"

Nilitegemea mwenyekiti atanitukana, na nilikuwa tayari, nilikuwa na matusi mawili matatu ya kwetu yamekaa vizuri kwenye ulimi. Yeye akashusha sauti tu.

"Yamebakiza siku mbili," akasema. "Asubuhi nimewekelea sikio. Wanalia ndani. Ndani ya mayai, mukhana, wameanza kulia."

Hasira yote ikanitoka. Niliona aibu, na niliona huruma, kwa sababu sasa hayakuwa mayai tena. Nilikuwa naenda kuwaua watoto wa kuku wenye sauti, wa mtaa mzima, mbele ya mama aliyekuwa amenimiminia uji. Nikarudi kibandani nikakaa kwenye kiti cha tofali. Nililia kidogo. Halafu nikainua macho, na kwa sababu sikutaka kuitazama namba ya juu, nikaitazama ya chini.

Joto.

Transfoma ikizimwa haipoi kama sufuria ya chai. Ile ni tani na tani za mafuta na chuma cha moto. Na zile mbavu za pembeni, radieta, ndizo zinazoipooza. Radieta zina vali. Ukizifunga, mafuta hayazunguki tena, na tumbo la transfoma linakaa na joto lake siku nzima na zaidi, bila umeme hata chembe.

Nilimkimbilia mkubwa, nikamkuta bado hajafika lango la nyuma, kwa sababu soja alikuwa amemwambia akina mama wameshaweka mtu huko.

"Hapana," akasema, niliposema neno mayai. "Madam, hapana. Kituo cha umeme si banda la kuku."

"Sawa. Basi nenda wewe ukamwambie."

Akanirudisha ofisini. Kibali cha kuikaribia transfoma, kila kitu kikishazimwa, lazima kitaje aina ya kazi, na mkubwa aliuma kalamu yake muda mrefu. Mwishowe aliandika "Uchunguzi wa joto". Akafikiri, akaongeza "wa muda". Akatia sahihi.

Tukaizima. Ule mngurumo ambao hakuna aliyeusikia tena ulipokatika, mtaa mzima uligeuza kichwa. Redio zilikufa, kinyozi wa kona akatoka nje na mteja mwenye nusu kichwa. Mji uliobaki ulihamishiwa laini ya upande wa pili, ila mtaa wetu ulibidi ungoje. Tukahakikisha hakuna umeme, tukaunganisha waya za ardhini pande zote, nikafunga vali za radieta moja moja. Halafu tukafungua lango.

Mayai yalikuja ndani ya mabeseni yaliyotandikwa blanketi, kutoka mkono hadi mkono, tangu kitandani kwa mwenyekiti mpaka langoni, na mimi na soja tukayapokea hapo. Soja alitembea kwa vidole, mtu aliyewahi kuwafukuza wezi wa nyaya kwa rungu. Aliyeruhusiwa kuingia ni mwenyekiti peke yake. Nilimpa kofia ngumu, akaivaa juu ya kitambaa chake cha kanisa, akajitazama kwenye kioo cha mita, akairekebisha. Tulipanga mabeseni kwenye jukwaa la mbao, ubavuni kabisa mwa transfoma, tukafunika kwa mablanketi na koti la suti la mkubwa, ambalo alilitoa mwenyewe kabla hatujamwomba.

Kijisanduku kilikuwa na tundu la pili, na mimi nilikuwa na uzi wa akiba. Niliuchomeka, nikaipeleka ncha ya unywele katikati ya mayai.

"Inasema nini?" mwenyekiti akauliza.

"Namba ya juu inasema mayai hayana hidrojeni."

"Hiyo najua. Ni mayai ya kwangu. Hiyo ingine?"

Namba ya chini ilikuwa inapanda. Yeye alijua inapotakiwa kusimama kuliko mimi nijuavyo tarehe yangu ya kuzaliwa, thelathini na saba na nusu, kwa kuwa ndiyo aliyoilinda chumbani kwake karibu wiki tatu. Ikizidi, anapaza sauti, tunasogeza mabeseni nje shubiri moja. Ikishuka, tunayarudisha na kuongeza blanketi. Aliniondoa kwenye kiti changu, akakaa yeye, kofia ngumu kichwani, macho kwenye namba. Nje ya ua wenzake walikuwa wanauliza, "Ameamkaje?" na yeye akawa anawajibu kwa desimali. Siku hiyo na usiku wake tulipokezana. Mkubwa alikuwa kwenye simu akiitisha lori na transfoma nyingine, na kila akimaliza simu anakuja anauliza kama koti lake linasaidia.

Walianza kutoka siku ya pili asubuhi, baada ya chai. Kwanza ufa, halafu mdomo, halafu kitu kilicholowa chenye sura ya mzee aliyeamshwa vibaya. Kisha kingine. Kisha beseni zima likawa linapiga kelele. Si wote waliotoka, lakini waliotoka walikuwa wengi, wa kila alama ya mkaa. Mwenyekiti alisimama juu ya kiti cha tofali, nikamshika kiuno asianguke, akaita juu ya ua:

"Mgonjwa wetu amejifungua!"

Vigelegele vya Jumapili havikuwa kitu.

Wiki hiyo mafundi walipoifungua transfoma, walikuta kiungo kimoja kimeungua mpaka kimekuwa cheusi, kimebakia kidogo tu kukatika. Mkubwa alianza kueleza kila mahali jinsi alivyoamua kuizima. Nilimwachia. Mimi sifa niliyoitaka ilikuwa ya mtu mmoja tu, na kusema kweli sikuingoja, nilikuwa nimekwenda kuidai siku ileile ya vifaranga. Mwenyekiti alikuwa amekaa chini kwenye kokoto, amewatia wale wadogo kabisa ndani ya kofia ngumu.

"Umeona sasa, mama?" nikamwambia. "Ningekuachia muujiza wako wa sifuri, hawa wangekuwa mkaa."

Hakuinua hata kichwa. "Tuliomba wapone. Wamepona."

"Mliomba transfoma ipone!"

"Nani? Mimi?" Sasa akanitazama, amenishangaa kweli. "Hao wengine sijui waliomba nini. Mimi nilifunga macho nikaomba mayai. Nilisema, stima ikae ama iende, watoto watoke. Si wametoka?" Akamfuta kifaranga mgongo kwa ncha ya kidole. "Mungu alijibu, mukhana. Ni wewe ulisoma vibaya."

Nilifungua mdomo nimjibu. Kusoma majibu ndiyo kazi yangu, nimeisomea, cheti ninacho. Kifaranga kimoja kilidondoka kutoka kwenye kofia, kikatembea kama mlevi, kikapanda juu ya kiatu changu cha kazi, kikakunja miguu, kikalala. Sikuthubutu kusogea mpaka saa sita.